Nywila Imebaki Saiba: Barua ya Wazi kwa Kamishna Mkuu wa KRA

Kwa Kamishna Mkuu,
Mamlaka ya Ushuru Nchini, KRA,
Times Tower, Nairobi.

Kamishna Mkuu,

Ninakuandikia kutoka Molo kuhusu ritani za ushuru wa mapato za mtu binafsi, zile ambazo kila mwenye namba ya mlipa ushuru, PIN, iliyosajiliwa kwa ushuru wa mapato anatakiwa kuziwasilisha kwenye mtambo wa iTax kufikia Juni 30 kwa mapato ya mwaka uliotangulia. Kazi yangu ni kutunza vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wadogo hapa mjini, na kwa sababu hiyo majirani huniletea matatizo yao ya ritani: walimu, wauza viazi, wenye ploti za kupangisha, vijana wa boda boda, na wengine waliotoka shuleni juzi tu. Katika watu hao, anayekuja akitafuta njia ya kukwepa ushuru ni nadra sana. Wengi wanakuja kwa sababu wametozwa faini au wameandikiwa deni, na hawajui limetoka wapi.

Jibu linalotolewa mara kwa mara ni kwamba Wakenya hupenda kungoja siku za mwisho, mtambo ukaelemewa, wakalalamika. Wapo wa namna hiyo, na wakati mwingine ni sisi sote. Lakini matatizo mengi ninayoyaona yalianza miaka mingi kabla ya ritani yenyewe. Yalianza siku mtu aliposajiliwa PIN bila kuambiwa anasajiliwa kitu gani.

Mchukue kijana wa Turi au wa Elburgon aliyetimiza miaka 18. Amepata kitambulisho, ameitwa Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro, na ombi la mkopo wa HELB linamtaka awe na PIN. Au hakuitwa popote, anataka tu kufungua akaunti ya benki. Chini ya Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka wa 2015, mambo mengi ya maisha hayaendi bila PIN: akaunti ya benki, usajili wa gari, uhamisho wa shamba, hata kuunganishiwa stima. Basi kijana anaingia saiba. Mhudumu anamuuliza jina, namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa. Mtambo unadai baruapepe. Kijana hana, au anayo na ameisahau, na nyuma yake kuna watu wanaosubiri. Mhudumu anaandika baruapepe yake mwenyewe, au anafungua nyingine papo hapo na nywila inabaki kwenye kompyuta ya saiba. Cheti cha PIN kinachapishwa, pesa zinalipwa, kijana anakwenda zake na karatasi mkononi. Hakuna aliyemwambia kwamba kuanzia siku hiyo ana wajibu wa kuwasilisha ritani kila mwaka, awe na shilingi mfukoni au asiwe nayo.

Anakuja kuujua wajibu huo siku anapoomba kazi na mwajiri kumtaka cheti cha kuonyesha kwamba hana dosari ya ushuru. Anafungua akaunti yake ya iTax, akibahatika kuifungua, anakuta faini. Kwa mtu binafsi, faini ya kuchelewesha ritani ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kiasi kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Asiye na mapato yoyote anatozwa zile 2,000 kwa kila mwaka ambao hakuwasilisha. Najua kwamba faini hii iliwahi kuwa shilingi 20,000 na ikapunguzwa, na kupunguzwa huko kulikuwa jambo la haki. Hata hivyo kijana aliyekaa miaka minne bila kazi na bila ritani atatakiwa kutafuta shilingi 8,000 ili apate karatasi ya kuombea kazi. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi na sijaona hoja ya kulitetea. Ushuru wa mapato hutozwa mapato, na huyu hajapata.

Nisichoweza kukubali zaidi ni kwamba hata akipata zile pesa, mara nyingi hawezi kuingia kwenye akaunti yake. Akibonyeza kwamba amesahau nywila, ujumbe wa kumpa nyingine unakwenda kwenye baruapepe ya mhudumu wa saiba. Saiba ile imeshafungwa, au mwenyewe amehamia Nakuru, au yupo lakini hakumbuki alitumia anwani ipi kati ya nyingi alizofungulia watu. Kubadilisha baruapepe kunamlazimu kijana athibitishe kwenu kwamba yeye ndiye mwenye PIN, na kwa mtu wa Kuresoi au Keringet ambaye hajazoea mambo ya mtandaoni, njia anayoiamini ni kupanda matatu hadi Nakuru. Nauli ya kwenda na kurudi, na siku nzima ya kazi imepotea, kwa ajili ya ritani ambayo haina hata shilingi moja ndani yake.

Sisemi haya kuwalaumu wahudumu wa saiba. Katika mji kama huu wao ndio wamekuwa ofisi yenu bila kuajiriwa nanyi wala kufunzwa nanyi. Kwa shilingi mia moja, pengine zaidi kidogo, wanafanya kazi ambayo taasisi ya serikali iliiacha mlangoni mwao. Ila hawafahamu sheria ya ushuru, na hakuna sababu ya kutarajia waifahamu. Ndiyo maana mhudumu mwingine, akiona fomu ya usajili ina visanduku vya aina mbalimbali za ushuru, huweka alama kwenye kadhaa akidhani anamsaidia mteja. Mama mwenye kibanda cha nguo anatoka pale akiwa amesajiliwa kulipa VAT, ushuru ambao mfanyabiashara halazimiki kujisajili kwao mpaka mauzo yake yafike shilingi milioni 5 kwa mwaka. Ritani ya VAT ni ya kila mwezi, na faini ya kuikosa ni shilingi 10,000 au zaidi. Hesabu mwaka mmoja tu wa faini hizo, kisha ulinganishe na bei ya nguo zote zilizo ndani ya kibanda kile.

Katika jambo hili Bunge limewapa chombo. Sheria ya Fedha ya 2025, iliyoanza kufanya kazi Julai 1 mwaka huo, imerudisha nafasi ya kusamehe faini na riba pale kosa lilipotokana na mtambo wenyewe, mtambo kuchelewa kusasishwa, faini kuandikwa mara mbili, au mtu kusajiliwa katika aina ya ushuru isiyomhusu. Waziri wa Fedha ndiye anayesamehe, lakini kwa pendekezo la Kamishna. Ninaomba pendekezo hilo lisingoje kila mama mwenye kibanda aandike barua ya Kiingereza akieleza masaibu yake. Takwimu mnazo. PIN iliyosajiliwa kwa VAT ambayo haijawahi kuonyesha mauzo hata mara moja, na ambayo mwenyewe hakuwahi kuingia kwenye iTax tangu siku ya usajili, inajieleza yenyewe. Zitafuteni, mziorodheshe, mziwasilishe kwa Waziri.

Msamaha wa jumla ulikuwapo pia, na haki ni kuutaja. Wa kwanza ulidumu kuanzia Septemba 2023 hadi Juni 30, 2024. Wa pili ulifunguliwa mwishoni mwa Desemba 2024 ukafungwa Juni 30, 2025, na uligusa faini na riba za kipindi cha hadi mwisho wa 2023. Uliwapa watu nafuu ya kweli. Lakini msamaha wa namna hiyo unafuta deni na kuacha chanzo chake palepale. Baruapepe ni ileile ya saiba, visanduku ni vilevile, na ritani ya 2024 ilipokosa kuwasilishwa, faini mpya ikaanza kuandikwa juu ya jina lilelile lililosafishwa. Kwa watu wasio na mapato ninaona dawa moja: PIN ilale hadi itakapoonekana kuwa na mapato. Mtu akiajiriwa, mwajiri wake atamtaja katika ritani ya PAYE, ushuru unaokatwa kwenye mshahara. Akiuza kitu kwa ankara, mtaiona. Hapo iamsheni, mmjulishe kwa simu yake, wajibu uanze. Kumtaka asiye na kitu aape kila mwaka kwamba hana kitu, na kumtoza asipoapa, hakuongezi chochote katika hazina ya taifa isipokuwa faini za maskini.

Hiyo ritani tupu, ambayo watu wanaiita nil, ina madhara ya upande wa pili. Kwa sababu ndiyo rahisi na ya haraka, imekuwa ritani ya kila mtu. Mwalimu mwenye mshahara anapelekewa nil. Mwenye ploti anapelekewa nil. Mteja anajua tu kwamba amelipia huduma na ameambiwa tayari. Miaka miwili baadaye mtambo unalinganisha nil yake na ritani ya mwajiri, na barua ya madai inatumwa kwenye ile baruapepe asiyoiona.

Elburgon na Molo zinayo historia ya karibuni inayofafanua jambo hili. Serikali ilipositisha ukataji miti Februari 2018, viwanda vya mbao ambavyo ndivyo vilivyoibeba Elburgon vilisimama, na watu wengi wakaachishwa kazi. Amri ile ilikaa zaidi ya miaka mitano, hadi Julai 2023 Rais alipotangaza hapahapa Molo kwamba imeondolewa. Mtu anayepoteza kazi Februari huambiwa saiba kwamba, kwa kuwa sasa hana kazi, ajaze nil. Hilo si kweli, kwani mwaka ule alipata mshahara wa miezi miwili. Na huenda serikali ndiyo inayodaiwa na yeye. Tuseme kwa viwango vya sasa alikuwa akipata shilingi 40,000 zinazotozwa ushuru kwa mwezi. PAYE yake, baada ya nafuu ya kibinafsi ya shilingi 2,400, ni karibu 4,383, yaani takriban 8,767 kwa miezi miwili. Mapato yake ya mwaka mzima ni 80,000, na asilimia 10 yake ni 8,000. Nafuu ya mwaka ni 28,800. Kwa hiyo hakupaswa kulipa hata senti, na sheria inampa miaka mitano ya kudai arudishiwe. Wangapi wamejaza nil na kwa kufanya hivyo wakaacha pesa zao, wakati ule ambapo walizihitaji kuliko wakati mwingine wowote? Ninyi mnaweza kuwajua, kwa sababu mwajiri aliwataja miezi miwili kisha akaacha.

Iwapo mwajiri aliwataja. Hapa nafika kwenye malalamiko ninayoyasikia kwa uchungu zaidi. Mwajiri anatakiwa kuwasilisha PAYE kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Wapo wanaokata na hawawasilishi. Mfanyakazi ana hati za mshahara zinazoonyesha makato ya kila mwezi, pengine hata ana fomu ya P9 yenye jumla ya mwaka, lakini akiingiza takwimu hizo kwenye iTax zinagongana na zilizomo, au hazimo kabisa. Wengine hata hiyo P9 hawaipati, kwa sababu walitoka kwa ugomvi au kampuni imefungwa. Mwalimu wa TSC anaipakua P9 yake mtandaoni bila kumbembeleza mtu. Kibarua wa shamba la maua au mlinzi wa kampuni ya usalama hana tovuti ya kuiendea. Pesa zilitoka kwenye mshahara wake, na hakuwa na namna ya kumzuia mwajiri asizikate wala ya kumlazimisha azifikishe. Mwenye uwezo huo ni KRA peke yake. Ninachoomba ni kwamba mfanyakazi akileta hati za mshahara zinazoonyesha makato, deni liandikwe kwa mwajiri na ritani ya mfanyakazi ipite. Na kila PAYE inapowasilishwa, mfanyakazi apate ujumbe mfupi kwenye simu: mwezi huu mwajiri wako amewasilisha kiasi hiki kwa niaba yako. Akikosa ujumbe huo miezi miwili mfululizo, atajua kabla ya mwaka kwisha, na ninyi mtakuwa na mlinzi katika kila kampuni.

Kuna watu ambao deni lao ni halali lakini linawajia ghafla, nao ni wale wenye waajiri wawili kwa wakati mmoja. Hawa ni wengi kuliko inavyodhaniwa. Mwalimu wa shule ya binafsi anafundisha mchana kwa shilingi 30,000, na jioni anafundisha chuo cha ufundi kwa 20,000. Tuache kando makato ya NSSF, SHIF na ada ya nyumba ili hesabu iwe nyepesi. Mwajiri wa kwanza anakata PAYE ya shilingi 1,500. Wa pili anaona 20,000, anatoa nafuu ya 2,400 kwa mara nyingine, anapata sufuri. Mwisho wa mwaka iTax inajumlisha mishahara yote kuwa 50,000 kwa mwezi, inatoa nafuu mara moja tu kama sheria inavyotaka, na kuona kwamba kila mwezi zilipaswa kulipwa karibu shilingi 7,383. Pengo la mwaka linapita shilingi 70,000. Mwalimu huyu hakuficha chochote. Ameingiza P9 mbili kwa uaminifu, na kwa uaminifu wake ameandikiwa deni linalozidi mshahara wake wa mwezi mzima. Tena salio la ushuru linatakiwa kulipwa kufikia Aprili 30, miezi miwili kabla ya mwisho wa kuwasilisha ritani. Anayejaza Juni akidhani yuko ndani ya muda anakuta nyongeza ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa mwezi imeshaanza. Mtambo wenu unaona PIN moja ikitajwa na waajiri wawili tangu mwezi wa kwanza. Mwambieni mwajiri wa pili wakati huohuo asitoe nafuu. Kumwacha mtu atembee miezi 12 kuelekea shimo mnaloliona si utawala mzuri.

Sasa wakulima. Molo ni viazi, maziwa, kondoo na pareto, na mapato ya shamba ni mapato mbele ya sheria. Mkulima ambaye faida yake kwa mwaka haizidi shilingi 288,000 kwa kawaida hatalipa ushuru wa mapato, kwa kuwa asilimia 10 ya kiasi hicho ni 28,800, sawasawa na nafuu yake ya mwaka. Hata hivyo ritani yake si nil. Anatakiwa aonyeshe mauzo, gharama za mbegu, mbolea, dawa ya kuzuia ukungu, vibarua na usafiri, na mwishowe afike kwenye sufuri. Fomu ya kufanyia hivyo ilibuniwa kwa mtu mwenye mhasibu. Ina kurasa za faida na hasara na mizania, na yote ni kwa Kiingereza. Kauli mbiu yenu, Tulipe Ushuru, Tujitegemee, mmeiandika kwa Kiswahili ili ieleweke kwa kila mtu. Katiba katika kifungu cha 7 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mkulima aliyeelewa kauli mbiu anastahili kuielewa fomu. Ukurasa mmoja wa Kiswahili ungemtosha: umeuza nini, kwa kiasi gani, ulitumia nini, kimebaki nini.

Na jambo hili sasa halina subira, kwa sababu ya ankara za kielektroniki za eTIMS. Tangu mwisho wa 2024 sheria inamruhusu mnunuzi kutoa ankara kwa niaba ya mkulima au mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 5 kwa mwaka. Nia yake ninaielewa na ninaiunga mkono: mwanamke anayeuza magunia kumi kando ya shamba hana haja ya kuhangaika na mtambo wa ankara. Lakini tazama kinachotokea. Lori linafika, viazi vinapakiwa, bei inakubaliwa, mnunuzi anaomba PIN yake. Kile anachoandika mnunuzi baadaye, awe ameandika magunia kumi au thelathini, mama yule hakioni. Takwimu zile zinakaa chini ya jina lake zikisubiri kulinganishwa na ritani yake. Dalali asiye mwaminifu anaweza kupandisha gharama zake kwa kutumia PIN za wakulima kumi, na watakaoulizwa ni wale kumi. Tumeni ujumbe mfupi kwa mwenye PIN kila ankara inapoandikwa kwa jina lake, kwa Kiswahili, ukiwa na kiasi na tarehe, na njia ya kujibu kwamba hili silitambui. M-Pesa imetuzoesha ujumbe wa namna hiyo kwa kila shilingi inayotoka na kuingia. Bila hivyo, mtakuwa mmejenga daftari la madeni ya watu ambalo wenyewe hawaruhusiwi kulisoma.

Nyanda hizi zina kumbukumbu ndefu ya ushuru. Chini ya ukoloni, Molo ilikuwa katika ardhi iliyotengewa walowezi. Waafrika walitozwa kodi ya kibanda tangu mwanzo wa karne iliyopita, na hakuna aliyewauliza. Ushuru wa mapato ulipojaribiwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, walowezi waliupinga hadi ukaondolewa, na haukurudi mpaka 1937. Aliyejua kuandika barua na kujua ampelekee nani alisikilizwa, na asiyejua alilipa. Sidhani kuna mtu Times Tower anayetaka mpangilio huo urudi. Lakini mtambo wenye lugha ngeni kwa wengi, ambao barua zake huenda kwa baruapepe isiyo ya mhusika, unaweza kuurudisha bila mtu yeyote kukusudia.

Kwa majirani zangu watakaoisoma barua hii, msingoje Kamishna ajibu. Chukueni cheti chenu cha PIN mkisome: kinaorodhesha kila aina ya ushuru mliyosajiliwa. Ukiona usiyoielewa, uliza leo, na uombe iondolewe. Hakikisheni baruapepe iliyo kwenye iTax ni yenu na nywila mnaijua ninyi. Mkijaziwa ritani saiba, msiondoke bila risiti ya kupokewa yenye jina lenu na mwaka wa ritani, kwa kuwa ritani iliyojazwa na kuachwa bila kutumwa haihesabiwi. Mliokuwa na mshahara, hata wa mwezi mmoja, msikubali nil, na kama ilishapelekwa, inaweza kurekebishwa kwa ritani nyingine yenye takwimu sahihi. Hati za mshahara zihifadhiwe. Deni hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na iTax, kupitia paybill ya serikali 222222, kamwe si kwa simu ya mtu anayedai kuwa ofisa. Na mkipata barua ya makadirio msiyokubaliana nayo, siku za kuipinga kwa maandishi ni 30, na mkikataliwa mna siku 30 nyingine za kwenda kwenye Baraza la Rufaa za Ushuru. Siku hizo huhesabiwa tangu mnapoarifiwa, na taarifa huenda kwenye baruapepe, kwa hiyo nalirudia lile la baruapepe: shughulikieni hilo kwanza.

Kamishna Mkuu, ninajua kwamba mengine niliyoyaomba yanahitaji Bunge. PIN kulala huenda likawa mojawapo. Lakini ujumbe mfupi kwa mfanyakazi na kwa mkulima hauhitaji sheria mpya. Fomu ya Kiswahili haihitaji sheria mpya. Kuwafundisha wahudumu wa saiba kwa siku moja, na kuwapa waliofuzu cheti cha kubandika ukutani, hakuhitaji sheria mpya. Na lipo moja ambalo mnaweza kulifanya kabla ya mengine yote.

Leteni maofisa Molo, kisha Elburgon, Keringet na Mau Summit, wakae wiki nzima kila mahali. Waje Februari, wakati mtambo haujaelemewa. Wasije na mabango wala hotuba za kuhimiza. Waje na kompyuta, na idhini ya kubadilisha baruapepe na namba ya simu ya mwenye PIN papo hapo akishaonyesha kitambulisho, na idhini ya kuondoa usajili wa ushuru usiomhusu. Machifu watatangaza katika mabaraza, na makanisa na misikiti itatangaza pia. Mimi nitakuwepo kutafsiri fomu kwa atakayehitaji, na najua wengine wa kazi kama yangu watakaojitolea. Tupeni tarehe.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtunza hesabu na mlipa ushuru,
Molo, Kaunti ya Nakuru.